Tusigombane na Sarakasi, Tuwasikilize Vijana

Wazazi wenzangu, katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo muda haukutosha kulimaliza, nami naomba nafasi ya kulirudia hapa kwa utulivu zaidi. Darasa la vijana, wale wa miaka 12 hadi 16, linazidi kupungua. Wengine wamehamia mpira wa kikapu, na kwa hao tumeshazoea. Kundi linalotuuma ni la wale wanaokwenda mazoezi ya sarakasi saa nne asubuhi, saa ileile ambayo Mwalimu anafungua kitabu. Baba mmoja alisimama akasema, "Tumevuka bahari ili watoto wakapige vichwangomba?" Ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka. Kisha likatolewa pendekezo kwamba mtoto atakayekosa vipindi vitatu asipande jukwaani Siku ya Utamaduni mwezi Juni. Pendekezo hilo tutalipigia kura. Mimi nitalipinga, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Kwanza tuelewane ni sarakasi gani hii. Hakuna tembo wala simba, wala hema la kuhamahama. Ni klabu za watoto zinazokutana kwenye kumbi za michezo, kwenye makanisa na kwenye shule baada ya masomo. Mtoto anajifunza kurusha na kudaka mipira, kutembea juu ya kamba, kutembea kwa mironjo, kuendesha baiskeli ya gurudumu moja, kusimama juu ya mpira mkubwa unaobiringika, kupanda vitambaa vinavyoning'inia kutoka darini, na kupanga piramidi za watu. Wengi wao hawatakuwa wanasarakasi wa kulipwa na hakuna anayewatarajia wawe, kama vile hakuna anayetarajia kila mtoto anayejifunza kinanda atakuja kuishi kwa muziki.

Nchi hii ina desturi hiyo tangu zamani. Hapa hapa Illinois, chuo kikuu cha jimbo kilichoko Normal kina kikundi cha wanafunzi, Gamma Phi Circus, kilichoanza mwaka 1929. Sarasota kule Florida, Sailor Circus ya watoto wa shule ipo tangu 1949. Peru, mji mdogo wa Indiana ambako zamani makampuni ya sarakasi yalikuwa yakipumzika wakati wa baridi, hufanya tamasha lake kila Julai, na wachezaji ni watoto na vijana wa kaunti hiyo. St. Paul, Minnesota, wana Circus Juventas tangu 1994. Na hapa Chicago, mwaka 2001, ilianzishwa CircEsteem katika mtaa wa Uptown, kwa nia ya kuwakutanisha watoto wa rangi, asili na vipato tofauti. Uptown hatuhitaji kuelezwa. Familia zetu nyingi zilizotoka Kongo na Burundi kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma zilianzia maisha huko kaskazini mwa mji, na haikuwa ajabu watoto wao kuwa miongoni mwa walioona mlango ule uko wazi.

Sasa nirudi kwa yule baba, kwa heshima zote. Tumevuka bahari ipi? Mbona vichwangomba tumeviacha kulekule! Nani kati yetu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hajawaona vijana wakipanga piramidi kwenye mchanga jioni, wakirukia pete, wakianguka na kucheka? Wengi wao wamelisha familia kwa maonyesho ya usiku kwenye mahoteli ya pwani. Nairobi kuna Sarakasi Trust tangu 2001, inayofundisha vijana wa mitaa ya kawaida hadi wanasafiri dunia nzima kwa kazi hiyo. Na mwezi Februari 2024, Fadhili na Ibrahim, wale Ramadhani Brothers wa Tanzania wanaobebana kichwa juu ya kichwa, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League. Siku ile simu zetu hazikutulia. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na video yao na bendera. Makofi yote hayo, lakini mtoto wa mtu mwenyewe akiomba kwenda mazoezini, ghafla sarakasi inageuka uhuni.

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Sababu yangu nimeipata kwenye benchi la pembeni, nikimsubiri binti yangu kwa misimu miwili sasa, nikiwa na chupa yangu ya chai na koti sikulivua kwa sababu ukumbi wenyewe ni baridi kama jokofu.

Tazameni piramidi ndogo ya watu 6. Watatu chini, wamepiga magoti na kuweka mikono sakafuni. Wawili juu yao. Mmoja kileleni. Wa juu hafundishwi kwanza namna ya kupanda, anafundishwa mahali pa kukanyaga: juu ya nyonga na juu ya mabega ya mwenzake, kamwe si katikati ya mgongo. Maana yake mtoto wa miaka 9, kabla hajanyanyua mguu, ameshalazimika kufikiria mwili wa mtu mwingine unaumia wapi. Pembeni anasimama mmoja wa kulinda, macho yake yako kwa aliye juu tu. Na mmoja wa watatu wa chini asipokuja siku hiyo, piramidi haipo. Timu ya kikapu ina wachezaji wa akiba, na kocha mzuri anaweza kushinda mwaka mzima huku mwanao akikaa benchi. Piramidi haina akiba. Mtoto mnene anahitajika, mwembamba anahitajika, mrefu na mfupi wanahitajika, na mwoga kuliko wote anahitajika kwa sababu ndiye mlinzi anayekaa macho. Sisi hapa shuleni tunawaambia watoto "mnakaribishwa", tunabandika na bango mlangoni. Kukaribishwa ni jambo jema, lakini mgeni naye hukaribishwa. Anayehitajika ndiye mwenyeji.

Kuna na sheria moja niliyoipenda zaidi. Mtoto yeyote aliyemo kwenye piramidi, wa juu au wa chini, akisema "Shukeni!" (wao husema kwa Kiingereza, bila shaka) basi wote wanashuka. Hakuna anayeuliza kwanza "kwa nini". Hakuna anayesema "vumilia kidogo, tunapiga picha". Wanashuka kwa mpangilio, wa kileleni kwanza, ndipo wanaongea: goti liliteleza, mkono ulichoka, au niliogopa tu. Hata kocha hana uwezo wa kulipinga neno hilo. Nimemwona mtoto mdogo kuliko wote akilitamka, na vijana wenye ndevu zinazoanza kuota wakashuka bila kunung'unika. Nikajiuliza: mwanangu ana mahali gani pengine maishani ambapo neno lake moja linasimamisha kila kitu, na wakubwa wanalichukulia kwa uzito kuliko ratiba yao? Shuleni kwao hapana. Nyumbani, tuseme kweli, ni mara chache. Hapa kwetu Jumamosi sijapaona.

Nisije nikaonekana nimeuza roho kwa sarakasi. Yapo nisiyoyapenda. Watoto wanawaita makocha kwa majina yao makavu, bila mwalimu wala shangazi, na masikio yangu hayajazoea na sidhani kama yatazoea. Ada si ndogo, ingawa klabu nyingi zina nafuu kwa anayeuliza, na sisi tuna aibu ya kuuliza. Mavazi nayo yanahitaji mazungumzo. Mama mmoja wa hapa alimtoa binti yake kabla hata ya kuongea na mtu, na baadaye ikajulikana kwamba suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu iliyobana vizuri vinakubalika, sharti tu kisining'inie kitu kitakachonasa kwenye kamba. Tena kuna mtindo wa kuwaweka wasichana wadogo wembamba juu daima na watoto wenye miili mikubwa chini daima, mpaka mtoto anajiona ameumbwa awe ngazi. Kocha makini huwabadilisha, na asipobadilisha mzazi aulize.

Na kuna jambo zito kuliko hayo. Katika programu moja, ambayo siitaji, watoto wetu wanne walipangiwa onyesho la pamoja. Msimamizi, kwa nia njema kabisa, akawaandalia ngoma, vitambaa vyenye madoa ya chui, na muziki wenye sauti za simba. Akawaambia hiyo ni nafasi ya kuonyesha kwao. Mvulana mmoja, mzazi wake wa Bukavu, yeye mzaliwa wa hapa, akajibu kwamba simba pekee aliyewahi kumwona ni wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, na yule simba alikuwa amelala. Wakaomba wachague wenyewe. Yalichukua majadiliano ya wiki mbili, na nasikia kulikuwa na uso wa kununa. Mwisho wakafanya igizo la kusubiri basi la CTA wakati wa theluji: wanne kwenye benchi moja, wakirushiana kofia na glavu, kila mmoja akilalamika kwa lugha anayolalamikia nyumbani, Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Mombasa, na Kiingereza cha Chicago. Watu walicheka mpaka machozi, na sisi wazazi tulicheka mara mbili kwa sababu tulijisikia humo ndani. Kiswahili kilichosikika siku ile kilikuwa hai kuliko nilichokisikia kwenye maonyesho yetu matatu yaliyopita.

Hapo ndipo panaponichoma. Tulimkasirikia yule msimamizi na madoa yake ya chui. Lakini Siku yetu ya Utamaduni inapangwaje? Kamati inakaa mwezi Machi. Inachagua nyimbo. Inanunua kanga za sare. Kijana wa miaka 15 anapewa beti nne akariri, neno kwa neno, na maana ya nusu ya maneno hayo hakuna aliyemweleza. Anasimama, anasema, tunampigia vigelegele, anashuka. Tofauti yetu na yule msimamizi ni kwamba sisi tuna kanga badala ya chui.

Roger Hart, katika kijitabu alichoandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya vidato 8 kuonyesha jinsi watoto wanavyoshirikishwa katika mambo ya wakubwa. Vidato vitatu vya chini alisema si ushiriki hata kidogo: kwanza watoto kutumiwa, pili kuwa pambo, tatu kuwekwa mbele kwa geresha, waonekane wamepewa sauti ilhali hawana la kuamua. Juu kabisa aliweka jambo lililoanzishwa na watoto wenyewe, kisha uamuzi ukafanywa nao pamoja na wakubwa. Zingatieni hilo la mwisho. Hakusema wakubwa waondoke. Klabu nzuri za sarakasi nazo hazisemi hivyo: kocha ndiye anayekagua kamba, ndiye anayekataza usichoweza, ndiye anayesema leo umechoka usipande. Ndani ya mipaka hiyo, muziki, jina la onyesho, nani afungue na nani afunge, ni mali ya vijana. Sisi tukiwauliza rangi ya fulana baada ya kuamua yote mengine, tuko kidato cha tatu.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya Kizungu, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali naiheshimu. Lakini tuitazame hoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri wake, Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Marekani ilitia saini mwaka 1995 na mpaka leo haijauridhia. Sasa nani hapo ni Mzungu na nani ni Mwafrika?

Kisha fungueni ibara ya 31 ya mkataba huo: inasema mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa. Halafu fungueni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, nao ibara ya 31, namba ileile kwa sadfa tu: inasema mtoto ana wajibu. Awaheshimu wazazi na wakubwa, aishikamanishe familia, aitumie nguvu na akili yake kwa ajili ya jamii, autunze utamaduni. Nao unaongeza kwamba autunze kwa moyo wa kuvumiliana na kushauriana. Mimi huzisoma ibara hizo mbili pamoja, na kila nikiitazama ile piramidi naziona zote: anacheza, na papo hapo amebeba mtu. Heshima haijawahi kuwa ukimya. Bibi zetu walitufunza kusema shikamoo, na baada ya marahaba walituuliza habari, wakangoja jibu.

Hofu ya kweli, ile inayostahili kujibiwa, ni ya lugha. Mtoto akiikosa Jumamosi, Kiswahili atakipata wapi? Hofu hiyo ninayo. Siwezi kusema sarakasi inafundisha ngeli. Lakini binti yangu, ambaye nyumbani humjibu baba yake kwa Kiingereza hata akiulizwa kama amekula, amewafundisha wenzake kuhesabu kabla ya kunyanyuana: "moja, mbili, tatu". Walibishana kwanza kama mtu ananyanyuliwa kwenye "tatu" au baada ya "tatu", ubishi ambao nadhani upo katika kila lugha duniani. Sasa kundi zima, wakiwemo watoto wa Mexico na wa Nepal, wananyanyuana kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa na kitu wenzake walikihitaji, akakitoa. Tukimfungia nje ya jukwaa letu mwezi Juni kwa sababu ya kukosa vipindi vitatu, tutakuwa tumemfundisha kwamba Kiswahili ni zawadi ya watiifu, na lugha haikui hivyo.

Basi napendekeza nini? Darasa la vijana lihamie saa tisa alasiri, baada ya mazoezi yao. Nimeuliza kuhusu ukumbi, saa hizo uko wazi. Mwalimu wao amesema anaweza, mradi tumsaidie usafiri. Kamati ya shule iwe na viti viwili vya vijana, wenye kura kamili, na wachaguliwe na vijana wenzao tusiwateue sisi wale wapole. Siku ya Utamaduni, nusu saa nzima iwe yao, pamoja na fungu lake la fedha na hesabu waifanye wao. Wakitaka mironjo, iwe mironjo. Wakitaka ushairi, waandike wenyewe, na Mwalimu awasahihishe vina. Sharti letu liwe moja tu, yatakayosemwa jukwaani yasemwe kwa Kiswahili, cha aina yoyote wanachokijua. Na darasa la wadogo lipate wasaidizi kutoka darasa la vijana, kwa zamu, maana mtoto wa miaka 6 humsikiliza wa miaka 14 kuliko anavyotusikiliza sisi, hilo sote tumeliona.

Nanyi vijana mnaosoma hapa, au mnaosomewa na mama akiwa amewashikia simu: haya nimeyasema bila idhini yenu, kwa hiyo mna haki ya kunipinga. Mkipewa kura mtatakiwa kukaa mkutano mzima, pamoja na ile sehemu ya bajeti ya karatasi na vikombe. Mkisema mnataka saa tisa alasiri, mje saa tisa alasiri, hata Februari. Na mkiwa na jambo la kusema kuhusu shule hii ambalo hamjawahi kulisema kwa sababu mnaogopa Kiswahili chenu kitachekwa, lisemeni hivyo hivyo lilivyo. Sisi wenyewe tunachekana lafudhi tangu tumefika, Mkongomani na Mpemba, na bado tunanunua unga duka moja.

Mkutano ujao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, baada ya chai. Naomba mwenyekiti aliweke pendekezo la vipindi vitatu mwishoni mwa ajenda, ili kabla ya kura tuwasikie kwanza hao linalowahusu. Mazoezi ya sarakasi siku hiyo yanakwisha saa saba. Gari langu lina nafasi ya watoto watano, na naenda kuwachukua.